Sifuri Moja

Tulikuwa wanne kwenye benchi nje ya maabara ya zuolojia,
benchi la watu watatu.
Makau, nusu paja hewani, kavaa tai ya kakake.
Swabri akinong'ona tarakimu za Kirumi, sijui kwa nini.
Kadzo Tsuma kimya, mikono kaikunja juu ya faili
kama mtu anayezuia kuku asiruke.
Na mimi, jasho la Februari likinishuka mgongoni
(joto la Tudor saa nane mchana halipigi hodi),
nikisoma mara ya sita tangazo la ukutani:
Jarida la Chembe. Nafasi ya mhariri. Moja.

Hiyo "moja" ilipigiwa mstari mara mbili.

Ndani, Fadhluna, mhariri anayeondoka,
mwaka wa nne, doa la aidini kwenye mkono wa buibui,
hakutuuliza tunaipenda sayansi kiasi gani.
Makau alikuwa na jibu la swali hilo tangu Jumatatu.
Alilimeza, nikaliona likishuka kooni.
Tukapewa karatasi mojamoja na kalamu nyekundu.
"Makala ya kaa wa mikoko. Dakika ishirini.
Mkiiharibu, mtamweleza wenyewe aliyeiandika."

Kalamu zikaanza kukwaruza.
Swabri alipanda juu ya vitenzi kama fundi juu ya paa,
hapa msumari, pale msumari.
Makau aliandika pembeni USHAHIDI UKO WAPI?
mara tatu, na ya tatu ikatoboa karatasi.
Kadzo alifuta neno moja tu, "ajabu",
kisha akakaa akipatazama lilipokuwa.

Mimi nilikwama mstari wa saba.
Kaa 600 katika kila mita moja ya mraba.
Mia sita! Wangekanyaga wapi,
na kaa mmoja ana miguu minane, magando hujayahesabu?

Nilipokuwa darasa la sita, bili ya maji ilitujia Kisauni
na sifuri isiyo yetu.
Mama alipanga foleni asubuhi tatu.
"Mashine haikosei, mama," karani akamwambia.
Tukakatiwa. Wiki mbili tulinunua maji ya mkokoteni,
mtungi kwa mtungi, nguo za shule zikifuliwa kwa zamu,
mpaka bwana mmoja wa ofisi ya ndani akavaa miwani
akasema, "Aa."
Aa tu. Hata pole hakuna.
Tangu siku ile siwezi kuipita sifuri bila kuiamkia.

Lakini sikuikata.
Aliyeandika hakuwepo. Labda alipiga magoti topeni,
labda aliona nisichokiona mimi kwenye benchi hili la kukopa.
Niliizungushia duara, nikaandika chini yake:
Ulihesabu mwenyewe? Nipeleke.
Muda ukaisha.

"Na wewe umehariri nini?"
"Sijahariri. Nimeuliza."
Fadhluna akacheka kwa pua, akageuza karatasi.

Alhamisi majina yakabandikwa ubaoni,
baina ya chumba cha kupangisha na paka aliyepotea.
Mhariri: Kadzo Tsuma.
Chini yake: Mhariri Msadizi, Takwimu: Mwanasha Faki.
Na kwa wino mwekundu, mwandiko wa Fadhluna:
Jumamosi maji yakipwa. Njoo na viatu vya tope.

Sitasema sikuumia. Niliumia,
kama mtu aliyeitwa mezani akaonyeshwa mkeka,
na harufu ya pilau ni ileile.
Swabri, jina lake halipo, alikuwa wa kwanza kuona.
"Msadizi? Herufi imeliwa!" Akatoa kalamu.
Nikamshika kiwiko.
"Liache. Tumwone mhariri."

Kadzo alikuja na faili lake, akasimama mbele ya ubao.
Hakutabasamu, hakumwita mtu.
Alisoma jina lake, akashuka, akasoma langu,
akatulia vilevile alivyotulia juu ya lile "ajabu".
Kisha, bila kugeuka,
akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi,
akiomba kalamu.